Leica: Kamera ya Wenye Nazo

Kamera ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, watu ambao leo tungedhani wangeigombea, yaani wapiga picha wa magazeti, hawakuwa na haja nayo. Wahariri walikuwa wamezoea kuletewa negativi za kioo zenye ukubwa wa bahasha, na kijipande cha filamu kilichozidi stempu kidogo tu hawakukichukulia kuwa kitu cha maana. Walioinunua mwanzoni walikuwa madaktari, wahandisi, wasafiri na wapanda milima, watu wenye kipato, wenye siku za mapumziko, na wenye kupenda chombo kilichotengenezwa vizuri. Jambo hilo husahaulika. Simulizi tuliyoizoea hudai kwamba Leica ilizaliwa kuwa silaha ya mwanahabari, kisha matajiri wakaja kuiharibia heshima kwa kuifungia kabatini. Ukiifuata historia yake mwaka kwa mwaka, unaona mambo yalikwenda vingine kabisa: ilianza mikononi mwa wenye nazo, wanahabari wakaiazima kwa kizazi kimoja hivi, halafu ikarudi ilikotoka.

Mji wake ni Wetzlar, mji mdogo kando ya mto Lahn nchini Ujerumani. Tangu Carl Kellner afungue karakana yake hapo mwaka 1849, watu wa Wetzlar wamekuwa wakila kwa kusaga vioo. Ernst Leitz aliichukua karakana hiyo mwaka 1869 na kuikuza hadi ikawa miongoni mwa viwanda vya hadubini vinavyoheshimika duniani. Hapa pana jambo la kuzingatia kabla hatujafika kwenye kamera. Hadubini ni chombo kisichokubali ujanja. Kioo kikikosewa kwa upana usioonekana kwa macho, daktari anaona ukungu mahali ambapo angeona kijidudu. Fundi aliyelelewa katika kazi hiyo hajui kufanya kazi ya kubahatisha, hata akipewa kitu kingine cha kutengeneza.

Mwaka 1911 kiwanda hicho kikamwajiri fundi mitambo aitwaye Oskar Barnack, mzaliwa wa kijiji cha Lynow, ambaye kabla ya hapo alikuwa kwa Zeiss mjini Jena. Alikuwa na umri wa miaka 31 na afya yake ilikuwa ya mashaka. Mwenyewe aliwaonya waajiri wake mapema kwamba huugua mara kwa mara. Alikuwa na pumu. Alipokuwa Jena alipenda kupanda vilima vya Thuringia kupiga picha, na kamera ya enzi zile ilikuwa sanduku linalotumia vioo vya sentimita 13 kwa 18, tena likifuatana na miguu mitatu ya kulisimamishia na mkoba mzito wa vioo. Kwa mtu anayekabwa na kifua, mzigo ule haukuwa wa kubeba mlimani.

Jibu alilipata kwenye sinema. Leitz walikuwa wakijaribu mitambo ya sinema, na filamu ya milimita 35 yenye vitundu pembeni ilikuwa karibu yake kazini. Katika kamera ya sinema filamu hushuka wima, na kila picha huchukua milimita 18 kwa 24. Barnack aliilaza filamu ile ipite kwa upande, akaunganisha nafasi mbili kuwa moja, ikawa milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho ndicho hadi leo kinachotumika katika kamera nyingi za kidijitali za wapiga picha wa kulipwa, ingawa filamu yenyewe haimo tena. Kufikia mwaka 1914 alikuwa na kamera ndogo ya chuma inayoingia katika mfuko wa koti. Mwezi Agosti mwaka huo alipiga nayo picha mtaani Wetzlar, askari aliyesimama karibu na tangazo la kuitwa jeshini lililokuwa limebandikwa muda mfupi kabla. Mwajiri wake, Ernst Leitz wa pili, alikuwa ameshachukua kamera kama hiyo kwenda nayo New York. Vita ikaja, mradi ukalala.

Kilichouamsha ni njaa. Baada ya vita fedha ya Ujerumani iliporomoka, na ilipofika mwaka 1923 mshahara uliolipwa asubuhi ulikuwa umepungua thamani jioni. Hadubini zilihitaji wanunuzi, na wanunuzi hawakuwapo wa kutosha. Mwezi Juni 1924 Leitz aliitisha kikao kuamua kama watengeneze kamera ya Barnack. Wengi walikuwa na wasiwasi. Leitz alisikiliza hoja kwa saa kadhaa, kisha akafunga mjadala kwa kutamka kwamba wangeithubutu. Alitaka mafundi wake wawe na kazi. Alikuwa pia na kamera chache za majaribio, zile zinazoitwa Null-Serie, zilizotengenezwa mwaka 1923 na kugawiwa watu wazijaribu. Zilifika dazeni mbili hivi. Tutakutana nazo tena kwenye minada.

Lenzi ilibuniwa na Max Berek, mwanasayansi wa kampuni hiyo hiyo. Hapa ndipo tunapoona kwa nini kamera hii ilikuwa ghali tangu siku ya kwanza, na kwamba ughali wake haukuwa madoido. Negativi kubwa husamehe. Ukiichapa kwa ukubwa wake ule ule, kasoro ya lenzi hubaki ndogo. Negativi ya milimita 24 kwa 36 lazima ikuzwe mara nyingi ndipo picha ionekane, na kila kosa hukuzwa pamoja nayo: kosa la kioo, kosa la filamu kutolala sawasawa, kosa la skrubu iliyolegea. Kamera ndogo isingeweza kufanya kazi bila kutengenezwa kwa usahihi wa hadubini, na usahihi wa hadubini una bei yake. Uzuri ambao wanunuzi waliupapasa kwa vidole ulikuwa matokeo ya hesabu.

Kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, majira ya kuchipua ya mwaka 1925, Leica ikawekwa hadharani. Jina lake ni Leitz na Camera yakifupishwa. Mwaka uliofuata daktari mmoja wa Frankfurt, Paul Wolff, alijishindia moja kwenye maonyesho, akatumia miaka iliyofuata kuthibitisha kwamba filamu ndogo, ikisafishwa kwa uangalifu, hutoa picha ya ukutani. Kitabu chake kuhusu uzoefu wake na Leica, cha mwaka 1934, kiliuzwa sana. Mwaka 1930 lenzi zikaanza kubadilishwa. Mwaka 1932 ikaongezewa kipima umbali kilichounganishwa na lenzi, na mwaka huo huo Zeiss wakaleta mshindani kutoka Dresden, Contax, kamera ambayo kwa mambo kadhaa ilikuwa mbele ya Leica.

Lakini mapema kuliko hayo yote, mwaka 1929, miaka minne tu baada ya Leipzig, Leitz walikuwa wameshauza Leica iliyopakwa dhahabu na kuvikwa ngozi ya mjusi. Waliiita Luxus na wakatengeneza zisizofika 100. Dhahabu haiongezi mwanga kwenye filamu, na mjusi hashikiki vizuri kuliko mpira. Anayesema kwamba anasa iliivamia Leica uzeeni aitazame tarehe hiyo.

Wakati wa wanahabari ulianza katika miaka ya 1930. Henri Cartier-Bresson, kijana Mfaransa aliyerudi kutoka Ivory Coast akiwa nusu mfu kwa homa, aliinunua Leica yake Marseille mwaka 1932. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kilichomsukuma kuingia katika upigaji picha ni picha moja ya Martin Munkácsi: wavulana watatu Waafrika, uchi, wakikimbilia majini. Kwa miaka mingi picha hiyo imetajwa kuwa ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaoamini ilipigwa pwani ya Liberia. Iwe ya Kigoma au ya Atlantiki, ndiyo iliyomtoa Mfaransa huyo kwenye brashi na kumtia kwenye lenzi. Alizifunika sehemu zote zinazong'aa za kamera yake kwa utepe mweusi ili watu wasiione. Vita ilipomfikia mwaka 1940 aliifukia ardhini katika milima ya Vosges, na baada ya kutoroka kambi ya mateka ya Wajerumani alirudi kuifukua.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo Leica ilipopata heshima ambayo wamiliki wake wa leo wanainunua. Si ile ya dhahabu. Ni ile ya utepe mweusi.

Miaka ya Hitler kiwandani kulikuwa na mambo mawili yaliyokwenda bega kwa bega, na si haki kusimulia moja bila jingine. Ernst Leitz wa pili aliwasaidia Wayahudi kadhaa, wafanyakazi wake na wengineo, kuondoka Ujerumani. Wengine aliwapeleka kwenye ofisi ya kampuni New York kana kwamba ni watumishi waliohamishwa. Inasimuliwa kwamba waliofika bandarini walikuwa na Leica mpya shingoni. Ukweli wa kibiashara wa simulizi hiyo ni rahisi kuuelewa, kwa kuwa mkimbizi asiyeruhusiwa kutoka na fedha alikuwa amebeba kitu kinachouzika siku hiyo hiyo katika mji wowote. Binti wa Leitz, Elsie Kühn-Leitz, alikamatwa na Gestapo mwaka 1943 kwa kumsaidia mwanamke Myahudi aliyetaka kukimbilia Uswisi. Na katika kiwanda hicho hicho kulikuwa na mamia ya wafanyakazi wa kulazimishwa walioletwa kutoka mashariki, wengi wao wanawake wa Ukraine. Kamera na lenzi zilikwenda jeshini.

Wakati huo nchi nyingine zilikuwa zimeshaanza kuinakili Leica. Kisa cha Kharkov kinashangaza. Mwaka 1927, karibu na mji huo wa Ukraine, ilianzishwa jumuiya ya watoto wa mitaani iliyopewa jina la Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa polisi wa siri wa Kisovieti. Mwalimu Anton Makarenko aliamini kwamba mtoto aliyeharibika hunyooshwa na kazi ngumu yenye usahihi. Vijana wale walianza na mashine za kutobolea za umeme, kisha wakapewa Leica waifungue na kuiiga. Ilipofika mwaka 1934 kamera yao, FED, ilikuwa ikitoka kwa wingi. Watoto waliokuwa wakilala chini ya madaraja sasa walikuwa wakikata skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, na kamera yao ikanunuliwa na raia wa kawaida wa Usovieti kwa miongo mingi.

Tokyo nako, Goro Yoshida, fundi wa mitambo ya sinema, aliifungua Leica hadi kipande cha mwisho. Alitaka kuona wanatozea nini. Bei ya Leica nchini Japani ilikuwa mishahara ya karibu miezi sita ya kijana msomi anayeanza kazi benki. Yoshida alisimulia baadaye kwamba ndani hakukuta almasi wala kitu chochote cha ajabu, vifaa vya kawaida tu, na kwamba ilimkera kuona vitu vile vikikusanywa pamoja na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Mwaka 1933 yeye na wenzake walifungua maabara ndogo katika mtaa wa Roppongi. Kamera yao ya majaribio waliiita Kwanon. Kampuni iliyozaliwa pale leo inaitwa Canon.

Yoshida alikosea kidogo tu, lakini kosa lake ndilo linalorudiwa na kila anayetazama bei ya vitu hivi na kutikisa kichwa. Alitafuta thamani kwenye vifaa. Ilikuwa kwenye nafasi kati ya vifaa: jinsi kipande kimoja kinavyoteleza juu ya kingine bila kulegea na bila kukwama. Canon wenyewe walilijua hilo upesi, maana kamera yao ya kwanza iliyouzwa ilibidi itumie lenzi za Nippon Kogaku, kampuni iliyokuwa na wasagaji wake wa vioo kwa ajili ya jeshi la majini.

Baada ya vita ya pili ya dunia hataza za Wajerumani hazikuheshimiwa tena, na nakala zikajaa kutoka Japani, Italia, Uingereza na Marekani. Mwezi Juni 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alikuwa Tokyo. Mpiga picha mwenzake wa Kijapani, Jun Miki, alimpiga picha kwa lenzi ya Nikkor, na Duncan alipoona chapa yake alishtuka. Alikwenda kiwandani, akapima, akanunua. Siku chache baadaye vita ya Korea ikaanza, naye akaingia vitani na Leica za Kijerumani zilizofungwa lenzi za Kijapani. Picha zilipofika New York watu wa maabara waliuliza zimepigwa kwa kifaa gani. Desemba ya mwaka huo New York Times iliandika habari hizo, na ndivyo dunia ilivyosikia jina la Nikon.

Wetzlar walijibu mwaka 1954 kwa kamera ambayo wapenzi wengi bado wanaiona kuwa kilele, yaani M3. Inafaa kuishika mkononi, hata kwa maneno tu. Unaweka jicho kwenye kidirisha chake na unaona uwanja wote kwa mwanga wa kawaida, karibu kwa ukubwa ule ule unaoonwa na jicho lisilo na kitu, kiasi kwamba unaweza kuacha macho yote mawili wazi. Mistari myeupe inaelea hewani kuonyesha mpaka wa picha, na hujisogeza yenyewe kadiri unavyokaribia kitu. Katikati kuna kipande kidogo cha mstatili kinachong'aa. Ndani yake mtu unayemtazama ana pua mbili. Unazungusha pete ya lenzi kwa ncha ya kidole, pua ya pili inaikaribia ya kwanza, zinalaliana, inakuwa pua moja. Hapo umepata umbali wake. Unabonyeza. Pazia la kitambaa linapita mbele ya filamu kwa mlio mdogo mkavu ambao mtu aliye upande wa pili wa chumba hausikii. Unavuta wenzo kwa kidole gumba, filamu inasogea, na mkono unahisi meno ya gia yakipokezana bila kusuguana. Zaidi ya M3 220,000 zilitengenezwa hadi mwaka 1966. Lenzi iliyotengenezwa kwa ajili yake mwaka 1954 inaingia kwenye Leica M ya kidijitali iliyotoka kiwandani wiki hii, na hakuna kampuni nyingine kubwa ya kamera inayoweza kutamba hivyo.

Inasimuliwa kwamba Wajapani walipoiona M3 waliamua kutoshindana nayo uso kwa uso. Mwaka 1959 Nikon wakaleta Nikon F, kamera yenye kioo cha ndani inayomwezesha mpigaji kutazama kupitia lenzi yenyewe. Kwa lenzi ndefu, kwa michezo, kwa kupiga vitu vidogo kwa karibu, ilikuwa na faida ambazo kipima umbali hakiwezi kuzifikia. Ilivumilia matope na vumbi, na bei yake ilikuwa ya kubebeka. Wapiga picha wa magazeti walihama mmoja mmoja, wengi wakibaki na Leica moja mfukoni kwa ajili ya sehemu za kimya. Mkopo ulikuwa umefika mwisho.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya masikitiko. Mwaka 1971 kampuni ilitoa M5, iliyokuwa na kipima mwanga ndani, pana kuliko dada zake, na wateja wakaikataa. Familia ya Leitz ikapoteza udhibiti wa kampuni kwa Wild wa Uswisi. Utengenezaji wa kamera za M ulisimama Wetzlar, na kama si kiwanda chao cha Midland, Ontario, nchini Canada, kilichokubali kuunganisha M4-2 kuanzia mwaka 1977, hadithi ingeishia hapo.

Nani aliyekuwa akiinunua M4-2? Wapiga picha walikuwepo, lakini hawakutosha kukiendesha kiwanda. Wakati huo ndipo wakusanyaji walipoanza kuonekana kwa wingi, hasa Japani na Marekani, wakitafuta namba fulani, rangi fulani, sanduku la asili na risiti yake. Kampuni ikawasikia na kutoa matoleo ya kumbukumbu kwa kila sababu iliyopatikana. Mwaka 2000 kampuni ya Hermès, watengenezaji wa mikoba na matandiko ya farasi, walinunua asilimia 31.5 ya hisa. Kidijitali kilipokuja, Leica walichelewa, na mwanzoni mwa mwaka 2005 benki zikakata mikopo. Aliyeiokoa ni Andreas Kaufmann, mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa shule na ambaye familia yake ilirithi mali ya kiwanda cha karatasi Austria. Alinunua hisa, akanunua tena, mpaka zile za Hermès. Kamera ya kwanza ya kidijitali ya jamii ya M, ile M8 ya mwaka 2006, ilikuwa na dosari ya aibu: ilionyesha nguo nyeusi za nailoni kwa rangi ya zambarau, na ikabidi kila mteja apelekewe vichujio vya bure vya kufunga mbele ya lenzi. Kampuni ya kawaida ingekufa kwa kosa kama hilo. Wateja wa Leica walifunga vichujio vyao na kungoja M9.

Uvumilivu huo hauelezwi na ubora wa picha. Simu ya leo hufanya mambo ambayo M3 haikuwahi kuyaota, na kamera ya Sony au Nikon ya bei nusu hukimbia kuliko M11, ambayo ilipotoka Januari 2022 iliuzwa Marekani kwa dola 8,995 bila lenzi. Anayeinunua anajua. Nadhani anachonunua kinaonekana vizuri zaidi Wetzlar kwenyewe, ambako kampuni ilirudi mwaka 2014. Fundi amekaa mezani, mbele yake kipande cha kioo kinazunguka polepole. Ana brashi nyembamba yenye rangi nyeusi. Anaigusisha kwenye ukingo wa kioo, pale penye upana wa milimita chache, na kungoja kizunguke mpaka rangi ikutane na mwanzo wake. Ukingo ukiachwa bila rangi, mwanga huruka ndani ya lenzi na kuipausha picha. Rangi ikipita hata kidogo kwenye uso wa kioo, kinarudishwa. Mwenye lenzi hataiona rangi hiyo maisha yake yote.

Hata hivyo tusimpambe mwenye lenzi kupita kiasi. Tamaa ya kumiliki imezaa mambo ya kuchekesha pia. Zile FED na Zorki za Kisovieti, zilizotengenezwa ili watu wa kawaida wapate kamera, zilikuja kukwanguliwa majina yao, zikachongwa neno Leica, zikapakwa dhahabu na kuvishwa ngozi au tai wa Kinazi, kisha zikauzwa kwa watalii kwenye masoko ya Moscow na Warsaw. Mwaka 2014, ilipotoa kamera ya Leica T, kampuni ilitangaza kwa filamu ya dakika 45 inayoonyesha mtu mmoja akisugua bodi moja ya alumini, bila jambo lingine lolote kutokea. Na mwaka 2013 Jony Ive na Marc Newson walibuni Leica nyekundu moja tu, ikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 1.8. Fedha hizo zilikwenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI kupitia mpango wa RED, ambao michango yake kwa Mfuko wa Dunia imefika Tanzania, Kenya na Rwanda. Sidhani kama mnunuzi aliwahi kutia kadi ya kumbukumbu ndani yake, lakini dawa zilinunuliwa.

Bei za minada zinasema wanachokitaka hasa. Duncan alitengenezewa M3 nne za pekee katika miaka ya 1950. Moja iliuzwa Vienna mwaka 2012 kwa euro milioni 1.68, ikiwa na mikwaruzo yake yote. Mwezi Juni 2022 ile Null-Serie namba 105, ambayo ilikuwa kamera ya Barnack mwenyewe, ilifika euro milioni 14.4, bei ambayo hakuna kamera iliyowahi kuifikia. Kamera za kazi za miaka ya 1950 na 1960, zile zilizopakwa rangi nyeusi kwa ajili ya wanahabari, hushindaniwa zaidi pale rangi inapokuwa imelika pembeni na chuma kuchungulia. Mchubuko umekuwa hati ya ukoo. Mwaka 2015 kampuni iliuza seti 125 za kamera iliyobuniwa pamoja na mwanamuziki Lenny Kravitz, mpya kabisa, ambazo mafundi walikuwa wamezikwangua kwa mkono kiwandani ili zionekane zimepita vitani. Waliziita Correspondent, yaani mwandishi wa habari.

Oktoba 2022 ikarudi M6, kamera ya filamu ambayo awali ilitoka mwaka 1984. Ile ya zamani ilizaliwa wakati kampuni inabana matumizi, na wengi walioitumia walikuwa wakiifanyia kazi: kifuniko chake cha juu kilimiminwa kwa zinki, na nyingi leo zimeota vipele vidogo chini ya rangi. Mpya ilipotoka iliuzwa dola 5,295. Haipigi picha kwa namna yoyote tofauti na dada yake. Kifuniko chake kimechongwa kutoka kwenye bonge zima la shaba ya njano, na maduka yalianza kuandikisha majina ya wanaosubiri kabla shehena ya kwanza haijamalizika kugawiwa.